Kiyama, Ufufuo na Unyakuo: Historia ya Maneno Matatu katika Kiswahili cha Wakristo

Fundisho ambalo leo huitwa unyakuo lilianza na swali la wafiwa. Mnamo mwaka 50 au 51 baada ya Kristo, mtume Paulo alikuwa Korintho. Wakati huo wakadirika kwa karibu, kwa kuwa maandishi yaliyochongwa jiweni na kupatikana Delphi yamtaja Galio, liwali ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake katika mji huo. Akiwa huko aliwaandikia Wakristo wa Thesalonike barua ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika zile zake zilizosalia. Watu hao walikuwa wameongoka kwa tumaini la kumwona Bwana akirudi wangali hai. Kabla hajarudi, baadhi yao wakafa. Waliobaki wakataka kujua: je, ndugu zao waliokwisha kuzikwa wameikosa siku hiyo?

Jibu la Paulo, katika sura ya nne ya barua hiyo, lina mpangilio ambao yafaa uzingatiwe. Wafu ndio watakaotangulia kufufuka. Ndipo walio hai watakapochukuliwa pamoja nao mawinguni, kumlaki Bwana hewani. Uzito wa maneno hayo umo katika neno dogo "pamoja", kwani ndilo lililowafariji wenye kulia. Ama kuchukuliwa kwenyewe kwatajwa mara moja tu, kwa kitenzi, na kupita.

Kitenzi hicho katika Kiyunani ni harpazo, nacho si kitenzi cha upole. Hutumika kwa mnyama akamataye windo, kwa mwizi, na kwa askari atekaye mji. Watafsiri wa Biblia ya pamoja ya Kiswahili, ile ijulikanayo kama Union Version iliyotoka kamili mwaka 1952, walitambua kwamba Kiswahili hakina neno moja la kubeba matumizi hayo yote, wakakigawa. Mbwa-mwitu wa Injili ya Yohana huwakamata kondoo; katika sura iyo hiyo hakuna awezaye kuwapokonya walio mkononi mwa mchungaji; katika Mathayo wenye nguvu huuteka ufalme. Lakini penye mkono wa Mungu wakachagua kunyakua. Filipo alinyakuliwa na Roho baada ya kumbatiza towashi, Paulo asimulia habari za mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na Wathesalonike wakaahidiwa kwamba watanyakuliwa. Uteuzi huu hauonekani kuwa wa bahati nasibu. Kamata hueleza kushika, pokonya humtazama aliyenyang'anywa. Bali nyakua ni tendo la mwewe na kifaranga, la ghafla na la kutoka juu. Kwa neno hilo mtafsiri amekwisha kumwonyesha msomaji mahali mkono unapotokea.

Jambo jingine lapotea kwa urahisi katika tafsiri yoyote. Katika maandishi ya makaburini ya Wayunani na Warumi, harpazo na mwenzake wa Kilatini, rapio, vilikuwa vitenzi vya kawaida vya kulaumia kifo: kifo, au ajali, imemnyakua kijana kabla ya wakati wake. Abraham Malherbe, mfafanuzi wa barua za Wathesalonike, alieleza kwamba Paulo huenda alikichukua kilio hicho cha msibani na kukipindua, ili anyakuaye asiwe mauti tena. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa maana naye husema kwamba kifo kimetupokonya fulani. Mtafsiri hakuweza kuyajua hayo yote, lakini lugha yenyewe ilimwekea nafasi.

Neno la pili katika aya hiyo ni kulaki, nalo lina mengi kuliko linavyodhaniwa. Kiyunani chasema apantesis, neno lililotumika watu wa mji walipotoka nje ya malango kumpokea mtawala au mgeni mheshimiwa. Mwaka 1930 Erik Peterson alionyesha kwa ushahidi mwingi kwamba katika mapokezi ya namna hiyo wenyeji walitoka, wakakutana na mgeni njiani, kisha wakarudi naye mjini. Wapo waliompinga wakisema kwamba neno peke yake haliilazimishi maana hiyo, na upinzani wao una haki yake. Hata hivyo Agano Jipya lenyewe latoa mfano ulio wazi: Wakristo wa Rumi walitoka mpaka Soko la Apio, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, wakaja kumlaki Paulo, wala hawakwenda naye Yerusalemu, bali waliingia naye Rumi. Kiswahili kililipokea kulaki kutoka Kiarabu, na pwani humaanisha vivyo hivyo, kutoka kwenda kumpokea ajaye. Amlakiye mgeni hahami nyumba. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili, akiachwa na aya hiyo bila mfasiri wa pembeni, huelekea kuelewa kwamba Bwana yuko njiani kuja, na kwamba watu wake wamemwendea kumpokea. Aya haisemi wote waende wapi baadaye. Yasema tu kwamba watakuwa pamoja naye sikuzote.

Ama kiyama, historia yake yaanza mbali na Ukristo. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule wa kusimama, uliokipa Kiswahili pia kaimu, makamu, na kukimu sala. Sura ya 75 ya Kurani yaitwa kwa jina hilo, na mapema humwelekea mtu adhaniye kwamba mifupa yake haitakusanywa tena. Katika ushairi wa pwani kiyama ni neno lenye kutisha na kuonya. Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayolia juu ya magofu ya Pate, huuonya moyo kwa kaburi kwanza na kisha kwa siku hiyo. Mwingereza W. E. Taylor, aliyetafsiri sehemu za Biblia kwa Kimvita na kukusanya mashairi kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ndiye pia aliyeitafsiri Inkishafi. Tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1915 pamoja na sarufi ya Stigand. Watu wa namna hiyo walijua vema ni dunia gani ya imani waliyoiazima walipolikubali neno kiyama.

Kazi yenyewe ya kutafsiri ilikuwa imeanza Mombasa Juni 1844, Ludwig Krapf alipoketi na kadhi Sheikh Ali bin Muhiddin kuanza kitabu cha Mwanzo. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande wa bara, na kaburi lingaliko hata leo. Ni jambo la kutafakariwa kwamba msamiati wa Kikristo wa uhai na mauti katika lugha hii ulianza kutungwa mezani pa kadhi wa Kiislamu na mtu aliyekuwa karibu kufiwa.

Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu kwa hoja kwamba Kiswahili kirudishiwe Ubantu wake. Watafsiri wa 1952 hawakumfuata. Katika sura ya 15 ya Wakorintho wa kwanza, ambamo Paulo abishana na wale wakanao ufufuo, wao waliandika kiyama, tena kwa upatanisho wa ngeli ya maneno ya kigeni: kiyama ya wafu, si kiyama cha wafu, ingawa masikio ya Kibantu yangeitarajia ki- kuvuta cha. Lakini Yesu asemapo na Martha kabla ya kufika kaburini kwa Lazaro, neno ni ufufuo. Na katika Ufunuo, ufufuo wa kwanza. Kiyunani katika mahali pote hapo ni kimoja, anastasis, chenye maana ya kusimama kama kiyama kilivyo. Kwa nini basi maneno mawili? Jibu lielekealo kuwa kweli ni kwamba kiyama tayari kilikuwa jina la siku na la fundisho, jambo la kubishaniwa na Masadukayo, hali ufufuo ulikuwa jina la tendo, lifaalo kinywani mwa mtu asemaye na dada aliyefiwa. Mgawanyo huo haukufuatwa kila mahali kwa usawa, lakini sikio lililouongoza lilikuwa sikio zuri.

Ufufuo ni neno la Kibantu, kutoka kufufua, lenye mwisho ule wa kutendua uonekanao katika fungua na fukua. Wakatoliki katika Nasadiki yao husema ufufuko, kutoka kufufuka. Tofauti ya herufi moja yaweza kuonekana kuwa ya wanasarufi tu, ila ufufuo humtaka mtendaji na ufufuko hutazama hali ya aliyeinuka. Vilevile Kanuni ya Imani ya Kilatini husema ufufuo wa mnofu, carnis, na wale wazee waliitetea lugha hiyo kwa ukali: Tertuliano aliiandikia kitabu kizima, naye Agostino, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, hakuona haya kuuliza juu ya nywele na kucha zilizokatwa, wala juu ya mtu aliyeliwa na mtu. Hakuna mtafsiri wa Kiswahili aliyethubutu kuandika "ufufuko wa nyama", kwa sababu ambazo mpishi yeyote angezijua. Wakachukua mwili, na Wakatoliki wakaufanya wingi, miili, kana kwamba kila marehemu ahesabiwe kwa wake. Paulo naye alisema juu ya mbegu na mmea, mwili wa asili na mwili wa roho. Neno asili hapo halitoshelezi, maana Kiyunani chahusu nafsi. Lakini hoja yabaki palepale, kwamba kinachopandwa na kinachoota ni kitu kimoja kisichofanana.

Mpaka hapo hakuna nomino unyakuo. Kitenzi kimo katika Biblia ya 1952, jina halimo. Ili jina lipatikane, ilibidi fundisho litoke ng'ambo. Katika miaka ya 1830 John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana huko Ayalandi kabla ya kujiunga na kundi la Ndugu wa Plymouth, alifundisha kwamba kurudi kwa Kristo kutakuwa na sehemu mbili: kwanza kanisa litachukuliwa kwa ghafla, ndipo ije dhiki kuu, na baadaye kuja kwa wazi. Mafundisho hayo yalienea Marekani, hasa baada ya kuchapishwa mwaka 1909 kwa Biblia ya Scofield yenye maelezo pembezoni mwa aya. Aya ya Wathesalonike ikawa nguzo ya mpango wenye hatua na majira. Swali nalo likageuka. Wathesalonike waliuliza juu ya waliokufa. Wafuasi wa Darby wakauliza zaidi juu ya walio hai: nani atachukuliwa, na nani ataachwa?

Kenya ilipokea mkondo huo mapema. Africa Inland Mission, iliyoingia Ukambani mwaka 1895 na kuanzia Nzaui, ilikuwa ya watu waliolelewa katika tumaini la kurudi kwa Kristo kabla ya miaka elfu. Matokeo yake yalichunguzwa na John Mbiti, Mkamba mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mafundisho ya mwisho katika Agano Jipya na mazingira ya Kiafrika. Alitoa hoja kwamba Wakamba walizichukua picha za mbingu na moto kama vitu vya kushikika na vya karibu mno, kwa kuwa hesabu yao ya wakati, aliyoieleza kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, haikuwa na wakati ujao wa mbali. Akategemea kwa sehemu nyakati za kitenzi cha Kikamba, ambazo kwa hesabu yake hazivuki miaka miwili. Hoja hiyo imekosolewa sana, na Kwame Gyekye mwaka 1987 aliipinga kwa ushahidi wa Waakan. Yafaa kuongezwa kwamba Kiswahili, kilichompa Mbiti majina yake mawili, ndicho kinachomsaidia kidogo kuliko vyote. Kiambishi -ta- cha tutanyakuliwa ndicho kile cha "tutakula jioni". Hakina mpaka. Wala si Wakamba peke yao walioitarajia siku hiyo karibu: Paulo mwenyewe, alipoandika "sisi tulio hai", alijihesabu miongoni mwao. Kama hilo ni kosa la hesabu ya wakati, lilianza Korintho.

Nomino ilipokuja, ilikuja kwa wahubiri wa uamsho, nayo ilikuja kwa kiishio -o. Hapa lugha imefanya kazi ambayo hakuna kamati iliyoiagiza. Kutoka kitenzi hicho hicho Wakenya wamepata unyakuzi, neno la kashfa za ardhi ya umma, zile zilizoorodheshwa na tume ya Ndung'u katika ripoti yake ya mwaka 2004. Unyakuzi una mnyakuzi, mtu na mazoea yake. Unyakuo ni tukio la mara moja. Kwa kawaida msemaji hazichanganyi nomino hizi mbili, hata ikiwa Jumapili asikia moja kanisani na Jumatatu asoma nyingine gazetini. Ajabu ni kwamba unyakuzi ndio uliohifadhi ukali wa harpazo, neno la mwizi na la askari; unyakuo umelainika hata husikika kama safari.

Mazishini lakini, fungu la nne la Wathesalonike lingali likisomwa kandoni mwa kaburi lililo wazi, jeneza likiwa bado juu ya kamba. Mhubiri aliyesema unyakuo siku nzima ya mkutano huwa hapo hasemi nomino hiyo. Husoma kitenzi kama kilivyoandikwa, na sauti yake hutulia penye neno pamoja.