Harrier, ndege ya vita yenye kutua wima juu ya meli

Elikopta kupanda wima, huku kwetu hata watoto wameshazoea. Ndege ya vita yenye moteri ya jeti, hiyo ni kazi ingine. Waingereza walitengeneza moteri Pegasus yenye midomo minne ya kutoa upepo. Rubani anaigeuza kuelekea chini, ndege inajinyanyua. Tarehe 21 Oktoba 1960 ile ya majaribio, P.1127, ilinyanyuka ikiwa imefungwa kamba. Februari 1963 ikatua juu ya meli Ark Royal.

Shida ilibaki uzito. Kupanda wima kunakula mafuta sana, na mabomu yanabakia chini. Ofisa wa jeshi la majini, Doug Taylor, ndiye alileta dawa: kuinua mwisho wa njia ya kurukia kama kilima kidogo. Ndege inakimbia kidogo, inarushwa na mzigo wake, kisha inarudi nyepesi na kutua wima. Chuma iliyopindwa tu, basi!

Katika vita vya Falklands, 1982, hakuna Sea Harrier hata moja iliyoangushwa na ndege ya Ajentina. Mbili zilipigwa toka chini, ingine nne zikapotea kwa ajali.