Vipimo Katika Nyumba za Kampene

Kampene, mji wa machimbo ya dhahabu na bati katika wilaya ya Pangi, Kongo ya mashariki, umo katika nchi ya Warega, ambao tangu kale walikuwa na fedha yao iitwayo musanga, visahani vya kombe la konokono vilivyotungwa uzini, hata mtoto aliyeketi karibu na wazee mahari yakihesabiwa alikuwa tayari yumo darasani, ijapokuwa hakuna aliyemwambia kwamba anasoma.

Kisha wakaja watu wa pwani. Hamed bin Muhammad, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipoweka makao yake Kasongo katika miaka ya 1870, pembe zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35. Nguo kwa shibiri, na dhiraa ambayo ni shibiri mbili. Nafaka kwa pishi ya vibaba vinne. Dhiraa, kwa kuwa ni mkono wa mtu, humfaidi mwenye kununua ikiwa mpimaji ni mrefu, na dhahiri kila mama alilijua hilo. Chuoni nako, Suratul Mutaffifin, yenye kuwaonya wapunjao vipimo, imo katika Juzuu Amma, ambayo watoto huhifadhi kwanza. Basi mwanafunzi huweza kuijua adhabu ya pishi pungufu kabla hajaishika pishi yenyewe, na kwa maoni yangu huo ni utaratibu mwema.

Wabelgiji walileta mita, lita na kilo, na makampuni ya migodi yakatoa posho kwa mizani; lakini unga uliopimwa kwa kilo ghalani ulipikwa nyumbani kwa kopo, na kazi ya kuoanisha viwili hivyo ikabaki jikoni.

Tangu serikali ilipowaruhusu raia kuchimba dhahabu, mwaka 1982, kipimo kigumu zaidi kimeingia majumbani. Katika machimbo mengi ya Kongo ya mashariki wanunuzi hutumia tola, kipimo cha Kihindi cha gramu 11.66, na kwa vipande vidogo huweka njiti za kiberiti upande wa pili wa mizani. Mchimbaji apaswa kumfundisha mwanawe jambo hili kabla ya hesabu za shule: njiti iliyoshika unyevu wa msitu ni nzito kuliko njiti kavu, na anayepunjika hapo ni mwenye kuuza.