Samaki Asiyeacha Mifupa: Lishe ya Mbwa wa Nyumbani katika Mwambao wa Nchelenge, Karne ya 20

Utangulizi

Mnamo Januari 1867, miezi kumi kabla ya David Livingstone kufika Ziwa Mweru, mbwa wake mdogo aliyeitwa Chitane alizama katika kinamasi ambacho msafara ulikuwa ukikivuka, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Zambia. Livingstone aliomboleza kifo hicho katika shajara yake, na kwa sababu hiyo Chitane ndiye mbwa anayejulikana kuliko wote katika historia ya eneo hili. Alijulikana kwa kuwa bwana wake alikuwa na kalamu. Mbwa wa wenyeji hawakupata mwandishi. Maofisa wa kikoloni walihesabu nyavu, mitumbwi, samaki waliouzwa na kodi iliyokusanywa. Mbwa aliingia katika majalada alipokuwa kero tu, yaani palipozuka kichaa cha mbwa, leseni isipolipwa, au alipokamatwa akiwinda na mwenyewe mahali palipokatazwa. Alichokula hakikuwa kero ya mtu, basi hakikuandikwa.

Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo kwa njia ya mzunguko. Katika kaya za mwambao wa Nchelenge, Kashikishi na visiwa vya jirani, mbwa hakupikiwa chungu chake. Alikula kilichobaki baada ya watu kula. Kwa hiyo kuuliza mbwa alikula nini ni kuuliza kaya ilibakiza nini. Na hoja yetu ni kwamba masalio hayo yalibadilika kila uvuvi wa Mweru ulipobadilika. Historia ya uvuvi huo imekwisha kuandikwa vizuri, hasa na Ian Cunnison (1959) kuhusu watu wa Luapula na David Gordon (2006) kuhusu uchumi na mazingira ya ziwa. Tunachofanya hapa ni kuisoma historia hiyo kutoka chini ya meza, tukiiweka pamoja na desturi za mapishi na za usindikaji wa samaki zinazofahamika mwambaoni hadi leo.

Ubwali na ukoko wake

Wabemba wa nyanda za juu, ambao lishe yao ilichunguzwa na Audrey Richards katika kitabu chake cha mwaka 1939, waliishi kwa ulezi. Bonde la Luapula lilikuwa nchi ya muhogo. Wareno waliofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1831 walikuta zao hilo limekwisha kuota mizizi, na halijang'oka tangu hapo. Kati ya ulezi na muhogo, jina la chakula ni lile lile: ubwali, ndugu wa ugali wetu, kama vile imbwa wa Kibemba alivyo ndugu wa mbwa. Kitoweo huitwa umunani. Mtu aliyekula samaki bila ubwali atasema hajala. Mgawo wa mbwa ulikuwa kinyume chake: ubwali bila umunani. Ubwali uliolala, ukoko uliobanduliwa, na maji yaliyosuuzia chungu, yenye harufu ya mchuzi kuliko mchuzi wenyewe.

Msomaji wa leo aliyezoea kusikia kwamba mbwa ni mla nyama anaweza kuona huo ni unyonge mtupu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa, tofauti na mbwamwitu, ana nakala nyingi za jeni la kimeng'enya kinachoyeyusha wanga. Maelfu ya miaka ya kukaa jikoni kwa binadamu yamembadilisha tumbo. Mbwa wa Nchelenge aliyekula ubwali hakuwa akila chakula kigeni kwa mwili wake.

Lakini muhogo una jambo lake. Aina chungu zina sumu ya sianidi, na mizizi yake hulowekwa kwa siku kadhaa, ikaanikwa, ikatwangwa na kuchekechwa kabla ya kufaa kuliwa. Maganda na maji ya kulowekea si chakula cha kiumbe yeyote. Mbwa wa nyumba ya mahindi angeweza kutupiwa pumba. Mbwa wa nyumba ya muhogo alisubiri unga uliokwisha kupita mikononi mwa wanawake, hatua baada ya hatua. Tonge lake, hata lilipokuwa la mwisho, lilibeba kazi ile ile iliyobebwa na tonge la baba mwenye nyumba. Pengine ndiyo sababu tonge hilo lilikuwa dogo.

Mpumbu, pale, chisense

Protini ya mbwa ilitoka ziwani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 samaki mkuu wa biashara alikuwa mpumbu, aliyepanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Alivuliwa mno katika safari hiyo hiyo ya kutaga, na akaanguka. Nafasi yake ikachukuliwa na pale, jamaa ya perege. Wote wawili ni samaki wenye mwili. Kwa safari ya kwenda katika miji ya migodi, Elisabethville kupitia wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga, au Ukanda wa Shaba wa upande wa Zambia, ilibidi samaki mkubwa apasuliwe, atolewe matumbo, kisha akaushwe kwa moshi au atiwe chumvi. Faida iliondoka na mwili wa samaki. Pwani yalibaki matumbo na matamvua. Nyumbani vichwa vililiwa na watu, tena kwa hamu. Mbwa alipata mifupa ya kichwa baada ya kufyonzwa. Yeyote aliyewahi kula kichwa cha samaki na wazee anajua kwamba hapo hapakubaki kitu kingi. Hata hivyo kilibaki kitu.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, pale walipopungua, wavuvi waligeukia chisense, samaki wadogo wa urefu wa sentimita chache wanaofanana na dagaa, wanaovuliwa usiku kwa taa. Mabadiliko haya yameelezwa kwa upande wa mitaji, wanawake wafanyabiashara na masoko. Kwa upande wa mbwa hayajaelezwa, na hapo ndipo yanapoonekana wazi kuliko popote. Chisense hapasuliwi. Hatolewi matumbo. Huanikwa mzima juani na huliwa mzima, kichwa, mifupa na vyote vilivyomo. Ni samaki asiyeacha masalio.

Si hivyo tu. Pale alikaushwa juu ya uchaga, moto ukiwa chini. Chisense huanikwa chini kabisa, juu ya mchanga, na anayelinda lazima afukuze ndege, kuku na mbwa. Kiumbe aliyekuwa akisubiri fungu lake kando ya wapasuaji sasa amekuwa mwizi wa kufukuzwa kwa fimbo, kwa samaki yule yule ambaye watoto wa mwenye samaki watamla usiku. Takwimu za tani zinaweza kuonyesha kwamba ziwa liliendelea kutoa chakula kingi baada ya pale kupungua, nazo hazisemi uongo. Lakini hazionyeshi kwamba ule ukingo mwembamba wa ziada kati ya alichokula mtu na alichotupa ulikuwa umetoweka.

Mfano wa Ziwa Viktoria unasaidia. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea Mwanza, mabaki ya mifupa na vichwa, yaani mapanki, yakawa kitoweo cha maskini, wakati sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hilo ilinunuliwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Mpaka kati ya chakula cha mtu na cha mnyama hauwekwi na maumbile ya samaki. Huwekwa na bei.

Dirisha la buchari

Wanaume wa Luapula walioondoka kwenda kutafuta kazi mijini waliukuta mpaka huo umewekwa kwa rangi ya ngozi. Katika buchari za miji ya Rhodesia ya Kaskazini, Mzungu aliingia dukani na kuchagua nyama yake, pamoja na ya mbwa wake akitaka. Mwafrika alihudumiwa dirishani, akapokea furushi lililokwisha kufungwa bila kuona kilichomo. Posho ya mtumishi wa nyumbani ilijumuisha unga na nyama ya daraja la chini, nyama iliyokuwa na jina lake la kudharau. Mwanzoni mwa mwaka 1954 chama cha African National Congress, chini ya Harry Nkumbula, kiliongoza mgomo dhidi ya buchari za Lusaka. Kenneth Kaunda, aliyekuwa katibu mkuu wake, aliacha kula nyama nyekundu katika miaka hiyo. Kwa aliyetoka Nchelenge, ambako mbwa alikula baada ya mtu na hakuna aliyeona haja ya kulisema hilo, dirisha lile lilikuwa na maana ya ziada.

Miaka 32 baadaye, Desemba 1986, serikali ya Kaunda huyo huyo iliondoa ruzuku ya unga wa mahindi uliokobolewa, bei ikapanda kwa zaidi ya mara mbili, na Ukanda wa Shaba ukawaka ghasia. Katika mji ambao hata pumba zilikuwa na mnunuzi, mbwa alikuwa wa kwanza kukosa. Mwambao wa Mweru, wenye muhogo wake shambani, haukutegemea sana kinu cha serikali, na inaelekea kwamba kwa mara moja mbwa wa kijijini alishiba kuliko wa mjini.

Kwa mtafiti wa masimulizi, swali hili lina faida moja ya kimbinu. Mzee akiulizwa familia yake ilikula nini mwaka fulani wa shida, heshima humfunga mdomo. Atasema walikula vizuri. Akiulizwa mbwa wao alikula nini, hana la kuficha, na katika jibu lake kaya nzima huonekana. Tangu mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yamepokea familia kutoka ng'ambo ya Kongo zinazoweza kuulizwa swali hilo kwa Kiswahili. Wakati mzuri wa kuuliza ni kati ya Desemba na Februari, sheria inapofunga uvuvi, ubwali ukabaki bila umunani kwa watu pia.