Sauti ya O Iliyokosa Alama

Kila mmoja na aweke kidole kidevuni. Semeni: u. Midomo imefanya duara dogo, kama ya mtu apulizaye moto. Sasa semeni: o. Midomo ingali mviringo, lakini kidevu kimeshuka kidogo, na ulimi nao umeshuka. Tofauti ni ndogo mno. Lakini mtu akiambiwa "ameoa", watu wapika pilau. Akiambiwa "ameua", polisi waitwa.

Wazee wa pwani waliandika Kiswahili zamani, kabla ya shule za misheni, nao walitumia herufi za Kiarabu. Huko Goa, katika Bara Hindi, zimehifadhiwa barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711. Sasa, Kiarabu cha vitabuni kina sauti tatu tu za irabu: a, i na u. Kwa hiyo alama zake ni tatu. Kiswahili kina tano. Basi mwandishi alipotaka o aliweka alama ya u, na alipotaka e aliweka alama ya i. Choma na chuma, toa na tua, peta na pita, yote yaliandikwa sawasawa.

Wako wasemao kwamba maandishi yale hayakufaa kitu. Mimi sikubali. Mwenye kuijua lugha, akiona habari ya nyama na makaa, hawezi kusoma "chuma". Maneno ya jirani yalimwongoza. Taabu ilikuja barua ilipokuwa fupi. Tuseme imetoka Lamu, nayo yasema tu kwamba kijana fulani ameoa. Au ameua? Mama yake ameketi hapo mkekani, angoja kusomewa.

Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi tangu 1891 hata 1947, alilitazama jambo hili. Hakuziacha herufi za Kiarabu. Aliziongezea alama za e na o, ili Kiswahili kisomwe bila kubahatisha. Kwa maoni yangu kazi hiyo haijasifiwa vya kutosha.

Herufi tusomazo leo zilikuja kwa njia nyingine. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akaandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Hizo zilikuwa na irabu tano tayari. Kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1882. Baadaye serikali na shule zikafuata.

Lakini msidhani herufi hizi zatosha kila mahali. Kikuyu kina irabu saba. Herufi tano zilipungua, ikabidi kutia alama juu ya i na juu ya u. Ile u yenye alama husikika katikati ya u yetu na o yetu. Mwenye jirani Mkikuyu na amwombe aitamke, huku akimtazama midomo.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: oa, ua, toa, tua, choma, chuma. Kisha someni kwa sauti, kidole kidevuni.