Masizi Yaliyookoa Picha

Picha nyeusi na nyeupe hudhaniwa kuwa ndiyo nyepesi kuchapwa kuliko zote, kwa sababu haina wekundu wala umanjano wa kupatanishwa. Historia yatufundisha kinyume chake. Mara mbili, katika karne mbalimbali, wachapaji wa picha walitaabishwa na kufifia kwa kazi zao. Na mara zote mbili msaada ulitoka katika kitu cheusi kinachodharauliwa juu ya taa na vyungu, yaani masizi, ambayo wanasayansi huyaita kaboni.

Taabu ya kwanza ilitokea Uingereza. William Henry Fox Talbot alikuwa amewafunza watu kuchapa picha juu ya karatasi iliyotiwa chumvi za fedha, lakini baada ya miaka michache picha nyingi ziligeuka manjano zikapauka. Mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kiliunda kamati ya kuchungua jambo hilo. Ikadhihirika kwamba dawa zisizooshwa vyema, pamoja na unyevu na hewa chafu, zilikuwa zikiila fedha. Mwaka 1864 Joseph Swan akapata hataza ya kuchapa kwa jelatini iliyochanganywa na kaboni. Fedha huharibiwa na hewa. Kaboni haiharibiwi nayo, wala mwanga hauiondolei weusi wake.

Taabu ya pili ililetwa na printa za wino. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walifungua nyumba ya kuchapa picha huko Manhattan Beach, California. Mashine yao, Iris 3047, iliyonunuliwa kwa dola 126,000, iliundwa ili kuonyesha mifano ya kurasa za rangi kabla ya kupigwa chapa. Wao waliigeuza kuwa chombo cha sanaa. Kazi yake ilipendeza macho, lakini wino wake wa kwanza ulififia upesi. Mwaka 2005 mashine hiyo ilipokewa katika makumbusho ya Smithsonian.

Printa ndogo za nyumbani zilipoenea, tatizo jingine liliongezeka. Nyingi zilifanya kijivu kwa kuchanganya matone ya samawati, majenta na manjano. Kijivu cha namna hiyo ni cha kuazima: chini ya taa chaweza kuonekana safi, na katika mwanga wa mchana kikawa na ukijani. Epson Stylus Photo 2000P, iliyotolewa mwaka 2000, ilitumia wino wa chembe uliokusudiwa kudumu miaka mingi, lakini ilijulikana sana kwa kasoro hiyo. Mtu aliweza kuchapa sura ya marehemu baba yake usiku, na asubuhi akaikuta ina rangi ya jani.

Mwaka huohuo Jon Cone, mchapaji wa Vermont, alitoa njia aliyoiita Piezography. Aliondoa wino wa rangi katika printa za kawaida, akatia mahali pake wino wa kaboni wa ukali mbalimbali, toka mweusi kabisa mpaka kijivu hafifu. Sasa kijivu kilikuwa mali ya picha yenyewe, si deni. Kampuni kubwa nazo zikafuata. Mwaka 2005 Epson ilitoa R2400 yenye wino mweusi wa daraja tatu, na rangi nyingine zikawa za kurekebisha kidogo tu. Bei yake ilikuwa chini ya dola 1,000.

Hivyo kazi iliyohitaji chumba cha giza, au mashine ya bei ya nyumba, iliweza kufanywa juu ya meza ya chakula. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wepesi wa chombo hauondoi swali walilojiuliza watu wa 1855: picha hii imefanywa kwa kitu gani? Asiyeliuliza swali hilo aweza kuwarithisha wajukuu wake karatasi tupu.