Siri ya Muumini na Siri ya Mpelelezi: Fundisho kutoka Kanisa la Ujerumani Mashariki

Utangulizi

Wasomaji wa historia ya Kanisa letu wanalifahamu jina la Leipzig. Ni misioni ya mji huo iliyowatuma wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Lakini si wengi waliofuatilia yaliyolipata Kanisa la huko baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilipogawanyika na Leipzig ikawa ndani ya Ujerumani Mashariki. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jambo moja katika historia hiyo, yaani namna dola ilivyowapeleleza raia na Kanisa, na namna sheria ilivyoshindwa kuwalinda. Tunaamini kwamba mchungaji wa leo ana la kujifunza hapo, maana amekabidhiwa siri za watu.

Haki iliyoandikwa

Ujerumani Mashariki haikukosa sheria nzuri. Katiba yake ya mwaka 1968, ibara ya 31, ilitamka kwamba siri ya barua na simu haivunjwi. Mwaka 1973 nchi hiyo iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao ibara yake ya 17 inakataza kuingilia maisha ya mtu pasipo haki. Hata hivyo ibara hiyo ya 31 iliongeza kwamba siri hiyo yaweza kupunguzwa kwa sheria iwapo usalama wa dola ya kijamaa unadai hivyo. Hapakuwa na mahakama ya katiba ya kupima madai hayo. Mpelelezi alikuwa ndiye mwamuzi wa upelelezi wake mwenyewe.

Chombo kilichohusika ni Wizara ya Usalama wa Dola, maarufu kwa jina la Stasi, iliyoundwa Februari 1950 na kuongozwa na Erich Mielke tangu 1957 hadi 1989. Mwaka 1989 ilikuwa na watumishi wapatao 91,000, na watoa habari wa siri wapatao 189,000, katika nchi yenye watu milioni 16 hivi. Hesabu hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila watu 60. Barua zilifunguliwa, simu zilisikilizwa na vinasa sauti vilifichwa majumbani. Tena agizo la wizara la mwaka 1976 liliwaelekeza makachero kummomonyoa mpinzani pasipo kumkamata: kumharibia jina, kumvurugia kazi, na kupanda mashaka kati yake na rafiki zake. Walichokijua juu ya maisha ya mtu nyumbani kwake ndicho kilichokuwa silaha yao.

Kanisa chini ya jicho

Kanisa lilikuwa taasisi kubwa ya pekee isiyokuwa chini ya chama tawala. Kwa sababu hiyo Stasi iliunda kitengo maalumu cha kuyachunguza makanisa. Agosti 1976 Mchungaji Oskar Brüsewitz alijichoma moto mjini Zeitz kupinga mwenendo wa dola, naye akafa siku chache baadaye. Machi 1978 viongozi wa Kanisa wakiongozwa na Askofu Albrecht Schönherr walikutana na Erich Honecker, na Kanisa likapata nafasi pana zaidi ya kufanya kazi. Lakini upelelezi haukukoma. Novemba 1987 makachero waliingia usiku katika maktaba ya mazingira iliyokuwa kwenye nyumba ya usharika wa Sayuni mjini Berlin na kuwakamata vijana waliokuwamo.

Jeraha kubwa, hata hivyo, lilitoka ndani. Majalada yalipofunguliwa ilionekana kwamba baadhi ya wachungaji, watumishi wa ofisi za Kanisa na wanafunzi wa teolojia walikuwa watoa habari. Wakili Wolfgang Schnur, aliyeaminiwa na Kanisa na kuwatetea wapinzani mahakamani, alifichuliwa Machi 1990 kwamba alikuwa akitoa habari za wateja wake mwenyewe. Haitupasi kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Wengine walitishwa, wengine waliahidiwa vyeo au safari za nje, na wengine walidhani kwa dhati kwamba kwa kuzungumza na maofisa wangewasaidia waliofungwa.

Namna walivyonaswa yafaa kuangaliwa kwa makini. Mara nyingi ofisa alikuja kwa upole, akaomba mazungumzo tu, kisha akasihi kwamba mazungumzo hayo yabaki kati yao wawili. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Viongozi wa Kanisa walitoa shauri rahisi: anayefuatwa na amwambie mara moja askofu wake au wenzake. Mtoa habari ambaye jambo lake limejulikana hakuwa na faida tena kwa Stasi, na mara nyingi aliachwa. Basi, siri ya muumini hutunzwa, lakini siri ya mpelelezi huwekwa wazi. Aliyeanguka aligeuza utaratibu huo: aliitunza siri ya ofisa, akaifichua siri ya ndugu yake.

Sheria inayorudisha

Oktoba 9, 1989, baada ya sala za amani katika kanisa la Mtakatifu Nikolai na makanisa mengine mjini Leipzig, watu wapatao 70,000 waliandamana bila fujo. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguliwa, na Januari 1990 raia waliingia makao makuu ya Stasi. Palikuwa na majalada ambayo yakipangwa mstari mmoja hufikia kilometa 111. Wako waliotaka yateketezwe. Lakini sheria ya Desemba 1991 ilimpa kila raia haki ya kusoma yaliyoandikwa juu yake na kujua aliyeyatoa, huku ikilinda habari za watu wengine. Msimamizi wa kwanza alikuwa Joachim Gauck, mchungaji wa Rostock, ambaye miaka ya 2012 hadi 2017 alikuwa Rais wa Ujerumani. Wengi walifungua majalada wakakuta jina la rafiki. Ukweli huo uliwauma, lakini uliwezesha toba yenye jina na msamaha wenye jina.

Hitimisho

Hatukatai kwamba dola ina wajibu wa kulinda usalama. Warumi 13 inalitambua hilo. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 16, inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, kisha inaruhusu sheria iweke mipaka. Na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Swali la kuuliza daima ni lile lililokosa jibu Ujerumani Mashariki: ni nani, nje ya mpelelezi, anayepima upelelezi?

Zaburi ya 139 inamkiri Mungu anayemchunguza mwanadamu na kumjua. Lakini Mungu hujua ili aongoze katika njia ya milele, wala hamkabidhi mtu kwa adui zake. Mchungaji anayesikia ungamo anasikia kwa niaba ya Mungu huyo. Kwa hiyo vyuo vyetu havina budi kuwafundisha watumishi mambo mawili kwa pamoja: kufunga kinywa juu ya waliyoambiwa na waumini, na kukifungua mbele ya wenzao pale wanapoombwa kuyauza.