Picha za Angani na Historia ya Maniema: Kindu, Nyangwe na Kasongo-Tongoni

1. Utangulizi

Mwanafunzi mmoja alileta darasani filamu fupi ya mji wa Kindu iliyopigwa kutoka angani kwa droni, chombo kilekile ambacho siku hizi hukodishwa kwa ajili ya harusi. Kwa muda wa dakika sita tuliuona mto Lualaba, mabati ya Kasuku na Mikelenge, stesheni ya reli, mitumbwi ikivuka kuelekea Alunguli, na msitu uliotanda hadi upeo wa macho. Darasa likapiga makofi. Kisha niliomba filamu irudiwe bila muziki, na kila aliyepo ataje jina la mahali panapopita machoni pake na habari moja anayoijua juu yake. Baada ya stesheni na uwanja wa ndege, darasa zima lilinyamaza.

Makala haya yametokana na ukimya huo. Swali linaloshughulikiwa ni hili: je, filamu ya angani inaweza kuwa ushahidi wa historia ya Maniema kwa kiasi gani? Na ni kazi gani ambayo lazima iitangulie? Hoja yetu ni kwamba droni huonyesha mahali, wala haionyeshi tukio. Katika nchi ambayo miji yake mikuu ya karne ya 19 ilijengwa kwa udongo, ikachomwa na kuhamishwa, kumbukumbu iliyobaki imo zaidi katika majina na masimulizi kuliko katika kuta.

2. Ndege katika lugha na katika kumbukumbu

Tuanze na neno lenyewe. Nchini Tanzania waandishi wengi husema "ndege nyuki" au "ndege isiyo na rubani". Kwetu Kongo neno "droni" limepokelewa kupitia Kifaransa, na wasiolizoea husema tu ndege ndogo, au "ndeke" kwa matamshi ya Kiswahili cha huku. Ikumbukwe kwamba katika Kiswahili cha pwani neno "ndege" lina maana nyingine ya zamani, yaani fali: dalili ya heri au ya shari. Msafiri aliyepata ndege mbaya njiani aliweza kuahirisha safari yake. Maana hiyo inasaidia kueleza kwa nini mtu mzima wa Kindu anaposikia mvumo juu ya paa lake hakimbilii nje kutabasamu mbele ya kamera.

Ndege za kwanza za kivita kupita Kindu hazikupita angani. Mwaka 1916 Wabelgiji walisafirisha ndege za majini aina ya Short, walizopewa na Waingereza, kutoka Matadi hadi Ziwa Tanganyika kwa njia ya reli na meli, zikiwa vipande vipande. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwishoni mwa mwaka 1910, ilikuwa kiungo cha njia hiyo. Huko ziwani ziliunganishwa, na mwezi Juni 1916 zikaanza kuipiga mabomu bandari ya Kigoma iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani.

Tukio la pili ni zito zaidi. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua Kindu zikileta mahitaji ya kikosi cha askari wa Malaya. Waitalia 13 waliokuwamo walikamatwa na askari walioasi, wakauawa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba walidhaniwa kuwa mamluki wa Kibelgiji waliokuwa wakiitumikia Katanga. Huko Pisa, Italia, kumejengwa jumba la ukumbusho wao, na jina la mji wetu linasomwa huko kila siku. Vilevile, droni za kwanza za Umoja wa Mataifa katika nchi yetu zilizinduliwa Goma tarehe 3 Desemba 2013, kwa kazi ya upelelezi; na katika miaka ya 2020 droni za kivita zimetumika katika mapigano ya mashariki. Kwa hiyo anayetaka kurusha droni juu ya kijiji cha Maniema kwa nia njema ya elimu anarithi, apende asipende, historia ya waliotangulia kuruka.

3. Yanayoonekana

Hata hivyo isidhaniwe kwamba tunakidharau chombo hiki. Yapo mambo ambayo mtu aliyesimama chini hayaoni, na akiinuliwa mita mia moja anayafahamu mara moja.

La kwanza ni sababu ya kuwapo kwa Kindu yenyewe. Kutoka juu mto unajieleza. Kuelekea kaskazini Lualaba ni mpana na mtulivu, na meli huweza kwenda hadi Ubundu, safari ya kilomita 300 na zaidi. Kuelekea kusini unakutana na maporomoko na miamba, hadi kwenye mlango mwembamba wa Kongolo. Ndiyo maana reli ya kilomita 355 ilijengwa kando ya mto: kuikwepa sehemu isiyopitika. Kindu ya kikoloni ilikua mahali ambapo meli iliishia na reli ikaanza. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hilo ubaoni kwa saa nzima. Filamu nzuri huliweka wazi kwa dakika moja.

La pili ni sura ya vijiji. Mtazamaji wa angani ataona nyumba zimejipanga mstari mmoja kando ya barabara, mashamba ya mpunga na mihogo yakiwa nyuma, na michikichi ikiota peke yake ndani ya msitu mchanga. Asiyeambiwa atasema kwamba hivyo ndivyo mababu walivyokaa. Ukweli ni kwamba utawala wa Kibelgiji uliwakusanya watu kando ya barabara ili iwe rahisi kuwahesabu, kuwatoza kodi na kuwapeleka kazini. Kwa hiyo mstari ule mnyoofu ni hati ya utawala iliyoandikwa juu ya ardhi. Mpunga nao una historia yake: ulienea Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pwani na wafuasi wao, waliojiita waungwana.

Thamani ya picha za namna hiyo huongezeka kadiri miaka inavyopita. Rubani Mswisi Walter Mittelholzer, aliyesafiri kwa ndege ya majini kutoka Zurich hadi Cape Town kati ya Desemba 1926 na Februari 1927, alipiga njiani picha ambazo leo zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH huko Zurich, na watafiti huzitazama ili kulinganisha pwani za maziwa na miji ya wakati ule na ya sasa. Yeye hakuwa mwanahistoria. Picha zake zilipata kuwa historia kwa sababu ziliandikwa tarehe na mahali.

4. Yasiyoonekana

Sasa tupande mto hadi Nyangwe. Livingstone alifika hapo Machi 1871 akakuta soko kubwa lililovuta watu wa pande zote mbili za Lualaba, wengi wao wakiwa wanawake waliovuka kwa mitumbwi na vikapu vyao. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani, waliwafyatulia risasi watu wa soko. Wengi walizama walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika hayo juu ya karatasi za gazeti kuukuu, kwa wino wa mbegu za mti, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia.

Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 4 Machi 1893, jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe, na tarehe 22 Aprili likaiteka Kasongo. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, alieleza kwamba Nyangwe, mji aliokadiria kuwa na wakazi wapatao 30,000, ulibaki nyumba moja kubwa ya ngome iliyozungukwa na kambi ya askari. Basi atakayerusha droni juu ya Nyangwe ataona nini? Ataona ukingo wa mto, miti, nyumba chache na maji yanayong'aa. Picha itakuwa nzuri, na uzuri huo ndio hatari yake. Mahali palipouawa mamia ya akina mama wa soko pataonekana kama mahali pa kupumzikia, na mtazamaji ataridhika kwamba ameiona Nyangwe.

Kasongo inatufundisha zaidi. Mji wa leo hauko pale ulipokuwa mji wa Tippu Tip, kwa sababu kituo cha serikali kilihamishwa baada ya vita. Mahali pa zamani huitwa Kasongo-Tongoni. Msomaji wa Bulletini hii hahitaji kukumbushwa kwamba "tongo" kwa Kiswahili ni mahali palipokuwa na makazi yakaachwa, yaani mahame. Kusini mwa mji wa Tanga kuna Tongoni nyingine, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe. Huko Tanga mawe yanasema. Kwetu, udongo umerudi udongoni, na kinachosema ni jina. Jina hilo moja linatupa habari tatu ambazo hakuna kamera iwezayo kuzitoa: kwamba hapa palikaliwa, kwamba paliachwa, na kwamba waliopaita hivyo walisema Kiswahili. Wanaakiolojia waliofanya kazi huko katika miaka ya karibuni, Wakongo pamoja na wenzao wa Ulaya, waliyachunguza mabaki ya ardhini sambamba na masimulizi ya wenyeji, na huo ndio mwendo unaofaa.

Hamed bin Muhammed mwenyewe, maarufu kama Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, ametuachia tawasifu yake kwa Kiswahili. Ni hati muhimu, lakini ni neno la mwenye bunduki. Neno la waliobebeshwa pembe za ndovu halikuandikwa. Limebaki katika hadithi, nyimbo na majina ya vitongoji, na pengine katika kunyamaza kwa makusudi, kwa maana wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanaishi kijiji kimoja na wameoana.

5. Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba kazi ya aina hii katika vyuo vyetu ifuate mpango ufuatao.

Kwanza, majina. Kabla ya kukodi chombo, wanafunzi watembee kwa miguu wakiwa na daftari. Waandike jina la kila kijito, mtaa, mti mkubwa na makaburi, kwa matamshi ya wenyeji, katika Kiswahili na katika lugha nyingine za mahali hapo.

Pili, sauti. Wazee warekodiwe wakieleza majina hayo. Droni itakuwapo mwakani, na pengine kwa bei nafuu zaidi. Mzee wa miaka themanini hatuna hakika naye.

Tatu, idhini. Barua ya mamlaka ni ya lazima, hasa karibu na bandari na uwanja wa ndege, ila haitoshi. Chifu na wanakijiji waelezwe siku, saa na sababu, waonyeshwe chombo kikiwa chini, na wapewe haki ya kukataa. Yapo makaburi yasiyofaa kupigwa picha. Pia yapo mahali ambapo, katika mkoa huu wa wachimbaji wa dhahabu, kupaonyesha kwa usahihi ni kuwaalika wenye majembe.

Nne, ndipo droni iruke. Na kila picha iandikwe tarehe, mahali na jina la aliyeeleza.

Tano, filamu irudishwe kijijini na kuonyeshwa hadharani ikiwa na maelezo ya Kiswahili, ili wenyeji waisahihishe kabla ya wageni kuisifu.

Isisemwe kwamba haya yanazidi uwezo wa wanafunzi. Huko Zanzibar, mradi wa kuvipiga picha za ramani visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, ulioanza mwaka 2016, uliwafundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kurusha vyombo hivyo wenyewe, pamoja na watumishi wa Kamisheni ya Ardhi. Na isisemwe pia kwamba tunaipinga teknolojia. Karatasi zile za gazeti za Livingstone zilikuwa zimefifia kiasi cha kutosomeka; mwaka 2011 wataalamu waliotumia picha za mianga mbalimbali walichapisha maandishi yake, na ikadhihirika kuwa aliyoandika siku zile yanatofautiana na yale yaliyochapishwa baada ya kifo chake. Chombo kipya kilifichua neno la kale kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limetunzwa.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha ya angani inaeleza vyema umbo la nchi, yaani mto, reli na safu ya vijiji, lakini hainasi vilio vya soko la Nyangwe wala haisomi jina la Tongoni. Mwanafunzi tuliyemtaja mwanzoni ameirudia kazi yake. Amevuka Alunguli mara nne bila droni, na amerudi na majina thelathini na saba, sita kati yao yakiwa ya mahali ambapo katika filamu yake paonekana nyasi tu. Sasa anaomba muda zaidi kabla ya kuwasilisha. Tumempa.